Nyegere na Mazoezi ya Kutukanwa

Tulieni, hekaya hii hakuna anayeiweza kama mimi.

Korongo alitoka ng'ambo na Neno la Mungu, kuwafunza wanyama wapige kura bila kupigana. Wiki nzima walifanya mazoezi: mmoja anatukana, mwenzake anakaa chini na kuimba. Nyegere, kwa hasira zake, alishindwa kila mara.

Siku ya kura, Fisi na genge lake wakaja na mawe kupora sanduku la kura. Korongo akarukia mtini.

“Ondoka hapo, kinyago wewe!” Fisi akamfokea Nyegere.

Nyegere akadhani ni mtihani. Akalikalia sanduku, akaimba, kisha akasema, “Kaka, tukana vizuri! Hata Kanga jana mazoezini alitukana kukushinda.”

Genge likaangua kicheko, mawe yakawadondoka, Fisi akaondoka peke yake.

“Mwalimu, nimefaulu?” Nyegere akauliza.

“Umefaulu,” Korongo akajibu, angali mtini.

“Basi shuka. Sasa ni zamu yangu kukutukana.”