Chipukizi Kati ya Mafiga

Kila Machi setilaiti ilisoma mizizi, na ardhi yote iliyofikiwa na mizizi hiyo iliandikwa kwa jina la mwenye shina mama. Masale, mimea waliyopanda mababu mipakani, hayakuhesabiwa tena.

Aikaruwa alikuwa ameipanda mianzi kwa mkono wake, nyuma ya banda la ng'ombe, vipande vitatu vya shina mama la jirani yake Kiwia, alivyopewa ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka wa nne, chipukizi lilitokeza jikoni kwake, kati ya mafiga. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya usomaji.

Kiwia alikuja na jani la isale, kama ilivyo desturi ya kuomba radhi. Aliyelipokea alikuwa amesamehe, na aliyesamehe hashtaki.

"Shemeji, sikujua kama inatembea hivi."

"Hukujua, na upande wako umechimbia ukuta wa zege?"

"Ule ni wa fuko."

"Fuko wako wana bahati. Wamejengewa."

Kiwia alicheka peke yake. Aikaruwa hakunyoosha mkono.

"Basi naliacha hapa," alisema Kiwia. Akainama, akalichomeka isale sakafuni kando ya chipukizi, wima, kama wazee walivyokuwa wakiweka mpaka.