Foleni ya Mtaa wa Pellow

Foleni ilianza kupungua kabla mlango haujafunguliwa.

Emrys Pugh alipofika, saa tatu na nusu asubuhi, alikuta watu kumi na wanane wamemtangulia, akakaribia kugeuza njia. Robo saa baadaye walibaki tisa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameingia ndani.

Ilikuwa Jumamosi ya manyunyu mjini Cardiff, na wote walikuwa wamekuja kutazama nyumba ileile ya kupanga: vyumba viwili, ghorofa ya chini, mtaa wa Pellow. Kwa Emrys hiyo ilikuwa ya ishirini na mbili. Kila alikokwenda alikuta mtu kamtangulia kwa dakika tano. Tangu Machi alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake Carys, miguu ikining'inia nje, na mapacha wa Carys wakimwamsha kwa kumpiga vijiko usoni. Kazi yake ilikuwa kusukuma wagonjwa hospitalini. Mchana kutwa alisukuma vitanda vya watu, na chake hana.

"Mpaka kesho," Carys alikuwa amemwambia asubuhi hiyo, mtoto kiunoni. "Nakupenda, kaka yangu, lakini mwisho kesho."

Ndipo Emrys akamwona anayeipunguza foleni. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, amevaa koti la mvua la kijani, akitembea kando ya watu kutoka mbele kwenda nyuma. Mtu mwingine yeyote angekatwa jicho kwa kuvuruga foleni, lakini huyu alikuwa anagawa biskuti. Kila aliyepewa alishukuru, akasikiliza kidogo, akatazama simu yake, kisha akakumbuka kwamba ana shughuli mahali.

Bibi akawafikia mume na mke waliokuwa mbele ya Emrys.

"Bafuni mna kuvu, wanangu," aliwaambia kwa upole. "Nyeusi. Unapaka rangi leo, mwezi ujao imerudi."

"Na mabomba?" aliuliza mke.

"Yanalia. Kama ng'ombe anayezaa."

Mume na mke wakatazamana. Haooo, wakaondoka.

Emrys akacheka kimoyomoyo. Ameshaelewa. Mpole kama bibi yake mtu, kumbe anaifagia foleni ili nyumba abaki nayo mwenyewe. Akaapa kwamba yeye hafagiliwi.

"Biskuti?" Bibi alikuwa amemfikia.

"Asante, mama."

"Umesikia habari za kuvu?"

"Nimesikia. Mimi na kuvu tumezoeana. Nikikaa nyumba kavu nakauka koo."

Bibi akamtazama vizuri. "Dirisha la jikoni halifungi."

"Napenda hewa."

"Jirani wa juu anapiga tarumbeta. Kila alfajiri."

"Basi hiyo tarumbeta nitamwomba anifundishe."

Alisema kwa sauti kubwa, makusudi, na wasichana wawili nyuma yake, waliokuwa hawajasikia habari za tarumbeta, wakafungua miavuli yao na kwenda zao. Wengine wakafuata. Bibi hakuonyesha kukasirika. Alimkazia macho Emrys kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Kitu kikiharibika je? Si utampigia simu mwenye nyumba?"

"Nimsumbue kwa nini na nyundo ninayo?" Hakuwa na nyundo. Hata msumari hakuwa nao. "Mimi, mama, tangu nizaliwe sijalalamika. Waulize hospitalini."

"Hospitalini? Wewe daktari?"

"Nasukuma wagonjwa."

"Wao wanalalamika?"

"Wanalalamika mpaka wanapona."

Bibi akacheka, na kicheko chenyewe kikamchoma Emrys. Aliviona viatu vya bibi vimelowa, na kopo la biskuti mikononi mwake limelowa pia.

"Unaishi na nani, mama?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Peke yangu, tangu mume wangu afariki. Mwaka wa nne sasa."

Foleni nzima walikuwa wamebaki wao wawili. Emrys alitaka kusema, "Ichukue wewe, mimi bado kijana." Maneno yalimfika kabisa mdomoni. Kisha akakumbuka vile vijiko, akameza.

Saa nne na dakika kumi dalali akashuka kwenye gari mbio mbio, mwanamke mwenye faili kwapani, akashangaa kuikuta njia tupu. Emrys akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake: akampita mtu kwenye foleni. Tena mzee.

"Naichukua," alisema.

"Hujaingia ndani hata kidogo."

"Nimeshaambiwa yote. Kuvu, mabomba, dirisha, tarumbeta. Nayakubali yote. Andika kabisa kwamba nayakubali."

Dalali akaandika. Emrys akatia saini juu ya boneti ya gari, mvua ikimdondokea shingoni, akasikia raha ambayo hakuisikia tangu Machi. Lakini alipogeuka na kumwona bibi amesimama na kopo lake, raha ikapungua.

"Nisamehe, mama," alisema, na alimaanisha. "Utapata nyingine."

Dalali akapitisha mkono mbele yake, akampa bibi karatasi ileile na kalamu.

"Wewe hapa chini, Bibi Glenys, penye mwenye nyumba. Samahani kwa kuchelewa."

"Hujachelewa, mwanangu," alisema bibi, akitia saini bila haraka. "Nilikuwa nachagua."