Kanga Chini ya Vazi la Mpira

Mume wangu Wambura alikuwa mita kumi chini ya maji ya Stockholm, nami namsubiri gatini. Mwenzake wa mafunzo ya kuzamia, aliyeshika kamba yake, akawa ananielimisha.

"Shemeji, kule chini vazi la mpira hubana. Lazima alijaze hewa. Kitambaa kikiziba tundu la hewa hapo kifuani, vazi linamkaba mbavu."

Meno yangu yakaacha kugongana kwa baridi.

Asubuhi nilimfunga kanga kifuani, maana Februari ya huku haina adabu. "Watanicheka," alilalamika. "Nani, samaki?" nikamjibu.

Kamba ikatikisika mara moja, ikatulia.

"Anatusalimia huyo," akasema shemeji.

Nikaikamata kamba kwa mikono miwili.

"Vuta, shemeji! Ana kanga yangu kifuani. Utamcheka akishapumua."