Kizingiti cha Marumaru

Siku hizi kila nyumba ina tanuri la mawe. Ukitia jiwe la chokaa asubuhi, joto na mgandamizo vinafanya kazi ambayo ardhi ingeifanya kwa zama na zama, na kabla ya adhuhuri unatoa marumaru. Mtaani kwetu Muheza, ni sisi tu tuliobaki na kizingiti cha chokaa. Kila mvua ilikimomonyoa, ikaacha udongo mweupe mlangoni.

Wakwe zangu walipotuma salamu kwamba wanakuja, niliona haya. Mama alipokwenda sokoni, niliking'oa nikakitia tanurini.

Aliporudi, kizingiti kilikuwa kinameremeta. Alitua kikapu, akapiga magoti, akakipapasa.

"Nyayo ziko wapi?"

"Nyayo gani, mama?"

"Za Shekue."

Kila Idi mama alikuwa akimsimamisha kaka yangu Shekue pale na kuchora unyayo wake kwa msumari. Zilifika saba, kubwa ikizunguka ndogo, ndipo homa ikamchukua. Nilikuwa nazikanyaga kila siku bila kuziona. Sasa tanuri lilikuwa limezifuta, na hakuna tanuri linalorudisha marumaru kuwa chokaa.

Wakwe walikuja, wakasifu. Mama akacheka nao. "Kazi ya binti yangu hiyo," alisema.

Walipoondoka, nilimkuta mlangoni anazoa ule udongo mweupe na kuutia katika kikombe cha Shekue. Aliposikia hatua zangu alikifunika kwa kiganja, kana kwamba hata huo ningeutia tanurini.