Zamu ya Jumamosi

Mstari mwekundu wa kwanza ulitokea kwenye skrini saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Simu imeingia, imekaa sekunde moja, imekatika. Kabla Munezero hajasogeza kiti vizuri, mistari ilikuwa tisa.

Yesu wangu, leo hii? Leo ambapo yuko peke yake?

Maana Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa mtihani wake. Kwa miezi mitatu alikuwa stagiaire, mwanagenzi wa kulipwa, katika ofisi ya jimbo inayolinda kompyuta na simu za serikali. Mtoto wa wafugaji wa Masisi, tena msichana. Wenzake walimuuliza kila asubuhi kama kompyuta inakamuliwa nayo. Jumatatu shefu Cirimwami angepeleka jina lake lisainiwe, au angemwambia aksanti na kwaheri. Sharti lilikuwa moja tu: ashike zamu nzima mwenyewe, na numero ya msaada isianguke.

Numero yenyewe ilikuwa mpya. Mtu akiona waasi, majambazi, moto, chochote, anapiga pale. Shefu alikuwa na haraka ya sifa, akaibandika kwenye kila ukuta wa Goma kabla kampuni ya simu haijakubali iwe ya bure; hayo, alisema, ni ya mwezi ujao. Siku za Jumamosi simu zilipokelewa na mashine. Mtu akiacha sauti yake, kwa Munezero unatokea mstari wa kijani. Akikata kabla mashine haijapokea, mwekundu.

Mchana, kabla ya kuingia, alikuwa amempigia mama yake, mama Mukamugema, anayeishi Kibati, chini ya volkeno, katika nyumba ya mbao juu ya mawe meusi. Munezero alikuwa ameapa: mshahara wa kwanza wa kweli, namshusha mama, tunapanga Keshero karibu na ziwa.

"Mama, kila siku ni mimi tu ninakupigia," alimtania.

"Unité za kupiga simu ni za watu wa bureau," mama akajibu, akicheka. "Umekula? Ile numero yenu nimeigawa kwa bamama bote ba chorale ya kanisa."

"Aksanti, mama. Sasa nafunga, simu inaingia kwenye droo."

Ndiyo sheria ya zamu: simu yako kwenye droo, mapazia chini, macho kwenye skrini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Munezero alikuwa ameinama miezi mitatu.

Mistari ikafika sitini. Ikafika themanini. Wa kijani, hakuna hata mmoja.

Somo la mashambulizi ya simu alilijua kwa kichwa. Shefu alilileta kutoka Ulaya, ndani ya kitabu kinene kama tofali. "Waasi hawaanze na bunduki," alikuwa akiwaambia. "Banaanza na simu. Banapiga na kukata, banapiga na kukata, mpaka numero inajaa na mutu wa kweli anakosa njia." Munezero alikuwa na miaka kumi na moja waasi walipoingia Goma mara ile. Aliwaona wakipita mbele ya kanisa na mabuti yao ya plastiki.

Akachukua simu ya ofisi, akampigia shefu, ambaye wiki hiyo alikuwa Kinshasa kwa mkutano.

"Shefu, tunashambuliwa. Wanapiga na kukata. Sekunde moja, moja."

"Zinatoka wapi?"

"Kibati. Buhene. Zote upande mumoja."

"Ni bo, waasi. Banashuka na barabara ya Rutshuru. Funga izo numero, stagiaire. Zote."

"Na kama kuna mutu wa kweli ndani?"

"Mutu wa kweli anasema. Funga!"

Aliogopa, tusifichane. Alimwogopea mama kule Kibati, katikati ya hao waasi, na aliogopa kushindwa na kurudi kuwa mtoto wa ng'ombe. Aliitazama droo. Mkono ulikwenda, ukarudi. Zamu ni zamu. Akajiambia kwamba kila numero anayoifunga ni muasi mmoja anayekosa njia ya kumfikia mama, na hapo vidole vikapata nguvu.

Akafunga. Walipoongezeka, akaongeza kasi. Mia moja. Mia na hamsini. Nyingine zilikuwa kaidi, zilikuwa zimeshapiga mara kumi, mara kumi na tano. Nje magari yalianza kupiga honi, watu wanakimbia, mtu analia jina la mtoto wake. Wameingia, Munezero aliwaza, akaendelea kufunga huku machozi yanamtoka.

Saa moja kasoro dakika tano, skrini ikatulia. Numero mia mbili na kumi na nne zimefungwa. Numero ya msaada haikuanguka hata dakika moja.

Shefu akapiga. Alikuwa ameona yote kwenye kompyuta yake kule Kinshasa. "Munezero," alisema, na hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. "Jumatatu unasaini. Umelinda muji."

Alishukuru mpaka sauti ikakauka. Kisha akafungua droo. Mama alikuwa amempigia mara kumi na saba, kila mara akikata. Akampigia haraka.

"Mama! Jificheni, musitoke! Waasi banakuja!"

"Waasi gani?" Mama alikuwa anahema, na nyuma yake watu walikuwa wanapiga mayowe. "Mulima imepasuka, mutoto wangu, moto iko inashuka. Tunabipu ile numero yenu tangu jioni, Kibati yote. Juu ya nini hamuturudishie simu?"