Muhuri wa Machinjioni

Mzee Shekue, mgonga mihuri wa machinjioni, alizaliwa moyo ukiwa kulia na ini kushoto. Kabla ya kupasuliwa saratani kwa roboti, aliugonga muhuri wa nyama kwenye mkono wa kushoto wa Dakta Nyangoma, kwa heshima kama anayemvisha nishani.

"Ukichanganyikiwa, tumia mkono huu."

"Roboti haichanganyikiwi, baba."

"Sijasema roboti."

Saratani ilikuwa nusu imekatwa utumboni mshipa ulipopasuka. Damu ikairukia kamera, skrini ikawa nyekundu tupu. Dakta akaruka kutoka kiti alichoiongozea roboti, akaing'oa mikono yake mwilini mwa mzee, akalipasua tumbo na kuzamisha ngumi ya kulia upande aliouzoea, kuutafuta mshipa. Damu ikazidi.

Wino wa zambarau wa muhuri ukaonekana chini ya glovu ya kushoto. Akazamisha mkono huo upande wa pili, akaukaba mshipa. Damu ikakoma.

Juu yao mikono minne ya chuma ilining'inia ikichuruzika damu, bila kuchanganyikiwa hata kidogo.