Ubeti wa Darasa Tupu

Darasa lilikuwa tupu, viti vimepinduliwa juu ya madawati, lakini mwalimu alifundisha kwa sauti ya kufika barabarani.

"Sikilizeni wanangu," akaviambia viti. "Katika utenzi wetu wa kale hakuna ubeti mtamu kama huu:

Upanga ukanyamaza,
mfano mke wa kwanza,
hasira akiitunza,
kwa siku ya kulipiza.

Mnaiona taswira hiyo? Chuma kimevishwa wivu."

Nje, chini ya dirisha, viatu vikasaga kokoto. Mwalimu akatabasamu. Chambo kimemezwa. Ubeti ule haumo kwenye utenzi. Aliutunga mwenyewe asubuhi, akikaanga mayai.

Mwenye viatu alikuwa mkuu wa shule, mume wa mdogo wake mwalimu. Mwaka jana shemeji huyo alisimama mbele ya walimu wa wilaya nzima, akachambua taswira za utenzi kwa maneno aliyoyadokoa hapo hapo dirishani. Akapigiwa makofi, akapewa ukuu ambao mwalimu alikuwa akiusubiri, na jina la mwenye maneno hakulitaja hata kwa kupiga chafya. Mwalimu aliketi safu ya nyuma, akiyasikiliza maneno yake mwenyewe.

Tangu siku ile aliwawekea wanafunzi wake sheria moja: anayenukuu ataje chanzo. Asiyetaja aulizwe, hata awe nani.

Ijumaa akaja mkaguzi, mama asiyecheka, aliyeuhifadhi utenzi mzima kichwani, na aliyekwisha kumfukuzisha mtu kazi kwa kupachika ubeti wa uongo. Akaketi nyuma ya darasa, mkuu ubavuni pake. Somo halijachemka, mkuu akainuka, akatoa kifua, akaghani: "Upanga ukanyamaza..."

Alipomaliza, mkaguzi akavua miwani. "Huo mbona siujui?"

Mwalimu akajiuma mdomo, kicheko kisimtoroke. Dawati la mbele mkono ukanyooka. Ni yule msichana ambaye wenzake humwita Redio.

"Samahani, mkuu. Chanzo?"

Darasa likaguna. Mkuu akamtazama shemeji yake, na sauti yake ikashuka.

"Umeuliza vizuri, binti. Mwaka jana niliiba maneno ya mtu, na mke wangu mpaka leo hanipi pumzi: umekula jasho la dada yangu, umekula jasho la dada yangu. Nimekoma. Ubeti huu nimeusikia kwa masikio yangu, mwalimu wenu akiufundisha kuwa ni wa utenzi wa kale. Chanzo changu ni yeye. Nisamehe, shemeji."

Makofi yakalipuka. Mkaguzi hakupiga, alikuwa akifungua kalamu.

Redio alipiga kuliko wote, kisha akanyoosha mkono tena, kama alivyofundishwa.

"Na wewe, mwalimu, chanzo?"